Nyama ya Jumapili: Ya Jokoni au ya Mlangoni

Katika miji na vijiji vya Uingereza, ifikapo Jumapili baina ya adhuhuri na alasiri, kuna chakula kimoja ambacho heshima yake haifikiwi na chakula kingine chochote cha juma: pande la nyama ya ng'ombe, ya kondoo au ya nguruwe, au kuku mzima, lililookwa mpaka likawa la hudhurungi nje na kubaki na majimaji yake ndani, likakatwa vipande vyembamba mbele ya walaji, likaandamana na viazi vilivyookwa katika shahamu, kabichi, karoti na njegere, pengine na vile vikombe vya unga vilivyofura viitwavyo pudini ya Yorkshire, na juu ya yote hayo mchuzi mzito uliotengenezwa kwa matone yaliyodondoka katika sinia la kuokea. Siku hizi mlo huo waweza kupatikana bila ya mtu kuwasha joko lake. Baa na mikahawa huupakia katika visanduku vya karatasi ngumu, na mchukuzi mwenye baiskeli au pikipiki huufikisha mlangoni kwa aliyeuagiza kwa simu.

Ndipo yanapozuka mabishano katika aila nyingi. Wapo wasemao kwamba kuagiza ni uvivu wa kizazi kipya kilichosahau mila ya mababu, na wapo wasemao kwamba kupika ni kujitesa bure kwa jambo ambalo fedha zingelimaliza. Naona kwamba pande zote mbili zimeshika hoja dhaifu na kuziacha zenye nguvu. Moyo wangu umeelekea joko la nyumbani, wala sitalificha hilo. Lakini sikuelekezwa huko na mila, wala na bei, bali na dakika. Chakula hiki, kuliko takriban vyakula vyote nivijuavyo, hufikia ukamilifu wake kwa muda mfupi mno baada ya kutoka motoni, na kila hatua kinayokwenda mbali na moto huo hukipunguzia fadhila ambayo hakuna awezaye kuirudisha yote.

Hoja ya mila ndiyo inayoanguka mapema, kwa sababu tarikhi yenyewe inaikanusha. William Fitzstephen, mwanachuoni aliyekuwa katika utumishi wa Askofu Mkuu Thomas Becket, aliusifu mji wa London katika karne ya 12, na miongoni mwa mambo aliyoyasifu ni mahali pa wapishi kando ya mto Thames, ambapo kila siku, kwa kufuata majira ya mwaka, mtu aliweza kupata nyama za kuoka, za kukaanga na za kuchemsha, samaki wakubwa kwa wadogo, nyama ngumu kwa maskini na laini kwa matajiri. Na akaeleza kwamba raia aliyefikiwa na wageni wa ghafula, waliochoka kwa safari na wasioweza kungoja chakula kinunuliwe na kupikwa, alikimbilia huko mtoni akapata kila kilichotamaniwa. Basi nyama ya kuoka ya kununuliwa tayari ilikwisha kuwako London zaidi ya miaka 800 iliyopita, katika zama ambazo viazi vilikuwa havijavuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, na pudini ya Yorkshire ilikuwa haijaandikwa na mtu.

Sababu ya jambo hilo ilikuwa moto. Kuoka kwa maana ya kale hakukuwa kuitia nyama katika sanduku la chuma lenye joto pande zote, bali kuitunga katika chuma kirefu mbele ya moto ulio wazi na kuizungusha kwa saa nyingi bila ya kukoma, ili upande mmoja usiungue na wa pili ukabaki mbichi. Kazi hiyo ilitaka kuni au makaa ya mawe kwa wingi, ilitaka meko kubwa, na ilitaka mkono usiochoka. Kwanza ulikuwa mkono wa kijana mtumishi. Kisha, na daktari John Caius aliandika habari zake katika karne ya 16, ikawa miguu ya mbwa wafupi waliotiwa katika gurudumu wakakimbia humo mpaka nyama ikaiva, mbwa wa aina ambayo haiko tena duniani. Matajiri waliyamudu hayo. Pehr Kalm, mwanafunzi wa mtaalamu wa mimea Linnaeus, aliyetoka Sweden akapita Uingereza mwaka 1748, alishuhudia kwamba Waingereza wana ustadi mkubwa wa kuoka nyama, na akaongeza, bila ya kuwapendelea, kwamba maarifa yao ya upishi hayakwenda mbali zaidi ya hapo. Lakini fundi seremala, mchukuzi wa bandarini, au mfumaji aliyekaa na watoto wake katika chumba kimoja, hakuwa na meko ya namna hiyo wala hakutumaini kuwa nayo.

Watu hao walikwenda kwa muoka mikate. Siku ya Jumapili tanuri lake halikuwa na mikate, lakini matofali yake yalikuwa na joto la kutosha, na kwa ujira mdogo alipokea masinia ya jirani zake, kila sinia na kipande chake cha nyama juu ya viazi au juu ya rojo la unga, akayaoka pamoja wakati wenyewe wako kanisani au vitandani, kisha kila mmoja akaja kuchukua chake na kukipeleka nyumbani kimefunikwa kwa kitambaa. Jamaa zetu wa Oman, ambao wakati wa Idi huzika nyama ya shuwa katika shimo la moto la mtaa mzima na kurudi kuifukua ikiwa imeiva, hawatastaajabu kusikia habari hizi. Mwandishi Charles Dickens aliupenda sana msafara huo wa masinia. Katika miaka ya 1830 Sir Andrew Agnew alipoleta Bungeni miswada ya kuitukuza Jumapili kwa kupiga marufuku kazi karibu zote, Dickens alitoa kijitabu mwaka 1836 kumpinga, akionyesha kwamba sheria hiyo isingemgusa tajiri mwenye mpishi nyumbani, bali ingemnyima maskini mlo wake mmoja wa moto katika juma. Miaka saba baadaye, katika kisa chake cha Krismasi kilichotoka mwaka 1843, bata bukini wa aila ya Cratchit huokwa kwa muoka mikate, na wale watoto wawili wadogo hurudi wakishangilia kwamba wamenusa harufu yake nje ya duka na kuijua kuwa ni ya bata wao.

Kilichobadili hali hiyo ni gesi. James Sharp wa Northampton alipata hataza ya jiko la gesi mwaka 1826, walakini kwa muda mrefu watu waliiogopa gesi na bei yake. Ni kuelekea mwisho wa karne ya 19, zilipofungwa majumbani mita za kutumbukizwa sarafu ya peni, ndipo mke wa mfanyakazi wa kiwandani alipoweza kununua moto wa saa mbili na kuuzima auonapo umetosha. Kwa hiyo mlo wa Jumapili uliookwa nyumbani, ule unaodhaniwa kuwa urithi wa tangu na tangu, kwa watu wengi wa mijini una umri wa karne moja na kitu tu, na hata katika karne hiyo ulikatizwa: nyama ilitiwa katika mgao mwaka 1940 na haikutoka mpaka tarehe 4 Julai 1954, ikiwa ya mwisho kuachiliwa, miaka tisa baada ya Vita Vikuu vya Pili kwisha.

Hata hivyo tusiwafananishe kabisa watu wa masinia na waagizaji wa leo. Wale walinunua moto peke yake. Nyama ilikuwa yao, waliichagua kwa macho yao kwa muuza nyama usiku wa Jumamosi, viazi vilikuwa vyao, na mchuzi ulikuwa wao. Zaidi ya hayo, mwendo wa chakula chao ulikuwa wa njia chache za mtaa, nao walikila papo hapo. Mwagizaji wa leo hununua kila kitu, na juu ya kila kitu hununua mwendo. Na huo mwendo ndio nitakaousema sasa kwa urefu, kwa kuwa humo ndimo hukumu yangu ilimo.

Mwaka 1912 mkemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza jinsi viungo vya protini na sukari vinavyoungana kwa joto na kuzaa rangi ya hudhurungi, na pamoja na rangi hiyo huzaliwa mamia ya harufu na ladha ambazo hazimo katika nyama mbichi wala katika nyama ya kuchemsha. Jambo hilo huenda kwa kasi nyama ipitapo kiasi cha nyuzi 140 za Selsiasi, na maji, kama ajuavyo kila mtu, huchemka kwa nyuzi 100 na hayapandi zaidi ya hapo katika chombo kilicho wazi. Maana yake ni kwamba uso wa nyama au wa kiazi hauwezi kupata rangi maadamu ungali na maji. Lazima kwanza ukauke. Ufundi wote wa kuoka, ukiuvua mapambo yake, ni ufundi wa kuukausha uso bila ya kuukausha moyo. Na adui wa kazi hiyo, kabla ya kuiva na baada ya kuiva, ni mvuke.

Kitazame kiazi. Waingereza wana aina zao wazipendazo kwa kazi hii, King Edward iliyotoka mwaka 1902, na Maris Piper iliyotoka mwaka 1966, zote mbili zenye wanga unaotifuka zikichemshwa. Kiazi humenywa, hukatwa, huchemshwa kwa muda wa dakika kumi, humwagwa maji, kisha hutikiswa katika sufuria iliyofunikwa mpaka kingo zake zikachanika na kuwa kama zimepakwa unga. Huachwa kidogo kifuke mvuke wake hewani. Baada ya hapo hutiwa katika shahamu ya ng'ombe au ya bata bukini iliyokwisha kupata moto mkali jokoni, na kwa muda wa karibu saa nzima, kikigeuzwa mara mbili tatu, zile kingo zilizochanika hunywa shahamu, hukauka, na kuwa ganda la dhahabu linalovunjika kwa mlio, na ndani yake kuna kitu cheupe, laini na chepesi. Kiazi hicho kikitolewa, huwa na pande mbili zenye uhasama: ganda halina maji, na moyo umejaa maji ya moto. Maji ya moyo hutafuta njia ya kutoka. Kikiwa juu ya sahani hewani, mvuke hupaa ukaenda zake, na mlaji hukila kabla ganda halijadhurika. Kikiwa katika kisanduku kilichofungwa, mvuke hugonga kifuniko, hugeuka maji, huanguka juu ya viazi, na ndani ya robo saa ganda lililotaka saa nzima kujengwa huwa kama ngozi iliyolowa. Hakuna mpishi, ajapokuwa hodari kuliko wote wa London, awezaye kukishinda kisanduku hicho. Mikahawa mingine hutoboa vitundu katika vifuniko, nayo hufanya vema. Lakini kitundu kinachotoa mvuke hutoa na joto, na chakula hufika kikavu zaidi na baridi zaidi.

Pudini ya Yorkshire ina masaibu makubwa zaidi. Hapo awali, kitabu cha mwaka 1737 kilipoandika namna yake ya kutengenezwa na mwandishi wa upishi Hannah Glasse akaitaja kwa jina la Yorkshire miaka kumi baadaye, ilikuwa rojo la unga, mayai na maziwa lililowekwa chini ya nyama izungukayo motoni ili ipokee matone yake, na watu wa kaskazini waliila kwanza, pamoja na mchuzi, kusudi matumbo yashibe kidogo na nyama kidogo iwatoshe wengi. Siku hizi humiminwa katika vikombe vya chuma vyenye mafuta yaliyo karibu kufuka moshi, katika joko la nyuzi 220, na maji ya maziwa yanapogeuka mvuke kwa ghafula huifurisha ikapanda kupita mdomo wa kikombe. Jumuiya ya wakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilitangaza mwaka 2008 kwamba pudini isiyofika inchi nne kwa kimo haistahili jina hilo, na mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Walakini kitu kilichosimamishwa kwa mvuke na kushikwa na kuta nyembamba zilizokauka hakiwezi kusafiri pamoja na mchuzi katika sanduku moja. Hukunjamana. Hunyonya. Kifikapo mlangoni huwa ni mkate wa mayai uliolowa, na aliyekionja hivyo mara ya kwanza maishani mwake hawezi kujua kwa nini watu wa Yorkshire hujifaharisha nacho.

Nyama yenyewe hustahimili zaidi, na insafu yanitaka niseme hivyo. Pande lililotoka jokoni linahitaji kupumzika nusu saa au karibu na hapo kabla halijakatwa, ili majimaji yake yatulie yasimwagike ubaoni. Nyama basi haina haraka ile ya kiazi. Lakini ikisha kukatwa, vipande vyembamba hupoa kwa upesi wa kusikitisha, na shahamu ya kondoo hasa huanza kuganda mdomoni wakati chakula kingali vuguvugu. Sheria ya Uingereza yataka chakula cha moto cha kuuzwa kiwekwe kwa nyuzi 63 au zaidi, jambo la hekima kwa siha ya walaji; lakini pande lililosimama kwa saa tatu chini ya taa ya joto, likingoja oda, lingali linaiva polepole muda wote huo, na wekundu wake wa katikati uliopendwa hugeuka kijivu.

Hizi ndizo dakika nilizozisema. Jikoni mwa nyumba, kutoka jokoni mpaka mezani ni hatua chache, na mpishi hupanga kazi yake yote kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kula: nyama itoke nusu saa kabla, na joko likiachwa wazi na nyama liongezwe moto kwa ajili ya pudini, viazi vimalizikie hapo hapo, kabichi iende majini mwisho kabisa, na mchuzi upikwe katika sinia lile lile, juu ya yale masazo ya hudhurungi yaliyogandamana, kwa kuyakwangua na kuyamwagia maji ya mboga. Mchuzi wa namna hiyo haununuliki. Unga wa mchuzi wa Bisto, uliotoka mwaka 1908, umewaokoa wapishi wengi, nami siudharau. Lakini aliyenywa mchuzi wa sinia kwa kijiko hatadai kwamba viwili hivi ni kitu kimoja.

Katika mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga baa na mikahawa yote usiku wa tarehe 20, serikali iliziruhusu nyumba hizo kuuza chakula cha kuchukuliwa bila ya kuomba idhini mpya ya matumizi ya majengo, na nyingi kati yao ziliishi kwa kuuza mlo wa Jumapili katika visanduku. Watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba nyama ya kuoka yaweza kuletwa mlangoni waliizoea. Ilikuwa faraja ya kweli katika majira yale ya dhiki, na ni haki kuikumbuka kwa shukrani. Tangu hapo desturi ikabaki, na wauzaji wa visanduku wakaendelea.

Kuhusu gharama sitasema mengi, kwa kuwa bei hubadilika kila mwaka, lakini jambo moja la kodi halijulikani kwa wengi. Nyama mbichi, viazi, unga na kabichi havitozwi Kodi ya Ongezeko la Thamani nchini humo. Chakula kile kile kikiuzwa cha moto ili kichukuliwe, tangu mwaka 1984 hutozwa kiwango kamili, ambacho sasa ni asilimia 20, kwa hiyo katika kila pauni sita anazolipa mnunuzi, moja ni ya serikali. Ongeza hapo ujira wa mchukuzi na fungu la wenye programu ya simu. Kwa upande wa pili, joko linalowaka saa mbili na nusu lina gharama yake pia, na anayepika kwa ajili ya watu wawili huenda asipate faida yoyote. Tafauti kubwa iko katika masazo. Pande la nyumbani haliishi Jumapili. Jumatatu, ambayo ilikuwa siku ya kufua nguo na hakuna mwanamke aliyekuwa na nafasi ya kupika, ilikuwa siku ya nyama baridi. Viazi na kabichi vilivyobaki vilipondwa pamoja na kukaangwa. Nyama iliyosalia ilisagwa, ikafunikwa kwa viazi vilivyopondwa na kurudishwa jokoni. Mifupa ilichemshwa ikawa supu. Na shahamu iliyoganda ilipakwa juu ya mkate pamoja na chumvi. Kisanduku kilicholetwa hakiachi mfupa.

Iko hoja moja ya waagizaji ambayo naiheshimu kupita zote, nayo ni ya kazi. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kwamba baba ndiye ashikaye kisu cha kukatia mbele ya watoto, akapokea sifa, na mama ndiye aliyeamka mapema, akamenya, akachemsha, akageuza, akajiunguza mikono, akala akiwa amechoka, kisha akaosha masinia yenye shahamu iliyoganda. Mlo wa mapumziko ya watu wote ulimnyima mapumziko mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa yule yule kila Jumapili. Mwanamke aliyesema siku moja kwamba leo tutaagiza hakuwa mvivu. Alikuwa anadai Jumapili yake. Nyumba ambayo mlo wa kuoka hauwezi kupatikana ila kwa kumchosha mama peke yake, heri iagize, na ganda la viazi lilowe. Lakini mimi naona dawa bora ni ile ya kuigawa kazi, kwa maana kazi hii inagawanyika vizuri mno: mmoja amenye, mmoja asimamie nyama, mmoja apige rojo la pudini, na mshika kisu aoshe sinia.

Kwa Waislamu wa kwetu waliohamia London na miji mingine ya Uingereza, swali hili lina upande ambao wenyeji hawaufikirii. Watoto wao husoma na watoto wa Kiingereza, husikia habari za mlo wa Jumapili, na kuutamani, nao, ikiachwa nyama ya nguruwe, ni mlo usio na haramu ndani yake kwa dhati yake. Haramu huingia kwa mlango wa nyuma: ng'ombe asiyechinjwa kwa sharia, viazi vilivyookwa katika mafuta ya nguruwe, mchuzi uliotiwa mvinyo. Hakuna liwezalo kuonekana kwa macho katika kisanduku kilichofungwa. Nyumbani, kwa mguu wa kondoo kutoka bucha ya halali, mafuta ya mboga au samli, nanaa iliyokatwakatwa na kutiwa siki kama Waingereza wenyewe wafanyavyo, mlo hukamilika bila ya shaka yoyote, na si ajabu ukiongezwa pilipili ambayo jirani hataikubali.

Hata hivyo iko aila moja ambayo hukumu yangu haiigusi, nayo ni aila ya mtu mmoja. Hapa tena mwamuzi ni maumbile ya nyama, wala si huruma peke yake. Pande dogo lina uso mwingi na moyo mdogo. Kabla nje hakujapata rangi, ndani kumekwisha kukauka, na ndiyo sababu wapishi hawapendi kuoka pande lisilofikia kilo moja na nusu. Mlo huu umeumbwa kwa watu wengi, na aliye peke yake akiupika ipasavyo atakula kondoo mmoja yule yule mpaka Ijumaa. Mjane mzee katika nyumba ya vyumba viwili, mwanafunzi aliye mbali na wazazi, muuguzi atokaye kazini alasiri, hawa nyama iliyookwa katika pande kubwa la mkahawa na kuletwa kwao vipande vitatu ni bora kuliko waliyoweza kuipika wenyewe, hata baada ya kutoa hasara zote za mwendo. Jambo hili lilifahamika zamani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanawake wa Women's Voluntary Service, jumuiya iliyoundwa mwaka 1938, walianza kuwapelekea wazee chakula cha moto majumbani mwao, na utumishi huo ukaenea katika nchi nzima ukadumu kwa miongo mingi. Katika mitaa mingine jirani bado hufanya vivyo hivyo bila ya jumuiya yoyote: sahani moja huongezwa, hufunikwa kwa foili, na mtoto hutumwa nayo mlango wa pili ikiwa ingali inafuka. Hiyo naiona kuwa namna bora kuliko zote ya chakula cha kuletwa, kwa kuwa mwendo wake ni mfupi na pande lilikuwa kubwa.

Naye aliyeamua kuagiza, kwa sababu yoyote iwayo, asikae na kungoja tu. Awashe joko lake kwa nyuzi 200 mara mchukuzi anapotoka dukani, atie sahani ndani yake zipate joto, na afungue vifuniko vyote mara kisanduku kinapoingia, maana kila dakika ya mvuke uliofungiwa ina madhara. Viazi avitandaze juu ya sinia la chuma lililokwisha kupata moto, visigusane, vikae humo dakika kumi. Pudini ziingie katika zile tatu za mwisho, tupu, bila ya tone la mchuzi. Mchuzi autie katika sufuria ndogo na kuuchemsha sawasawa. Nyama isirudishwe jokoni hata kidogo, kwa kuwa vipande vyembamba hukauka humo kabla ya viazi kupata ganda. Ipangwe juu ya sahani yenye joto, imwagiwe mchuzi unaochemka, nayo itapata humo moto wa kutosha.